Amplifaya Mbili na Mlango Asiouingia Mzee Ombati

Geoffrey Angwenyi amepima majani chai ya watu kwa miaka ishirini na sita. Ni karani wa kituo cha kununulia majani, mwendo wa nusu saa kutoka Kebirigo, na kijiji kizima humwita Karani. Kazi yake ni kusimama kando ya mizani na kumwambia mama aliyechuma tangu alfajiri kwamba gunia lake ni kilo tisa, wala si kumi na mbili kama alivyoota njiani. Mtu wa kazi hiyo hapendwi. Huheshimiwa tu, kama anavyoheshimiwa daktari wa meno.

Jumamosi ni shemasi wa kanisa la Wasabato. Hukusanya sadaka kwa uso uleule anaotumia kwenye mizani, na wapo waumini wanaoapa kwamba huwa anapima bahasha kwa kiganja kabla ya kuitia kikapuni.

Havuti, hanywi, hachezi kamari, wala hana mke wa pembeni; wambea wa kijiji wamemtafutia miaka yote wakaambulia patupu. Starehe yake ni moja tu, sauti. Sebuleni kwake kuna makochi yaliyofunikwa vitambaa vya kufuma mpaka hujui rangi ya kochi lenyewe, picha ya harusi, kalenda ya kampuni ya mbolea, na spika mbili zenye kimo cha mtoto wa darasa la nne. Katikati ya spika hukaa amplifaya. Mkewe Lorna aliwahi kuiwekea kitambaa nayo. Geoffrey alikitoa bila kusema neno, na ndoa ikaendelea.

Sasa tuje kwa baba yake, kwa sababu shida yote ilianzia hapo.

Mzee Ombati ana miaka themanini na mitatu. Anaishi katika boma hilohilo, nyumba yake ikiwa hatua arobaini kutoka kwa Geoffrey, na hajawahi kuingia katika nyumba ya mwanawe hata siku moja. Si ugomvi. Ni chinsoni, ile heshima ya Wagusii inayosema mwanamume akishaoa, baba yake haingii nyumbani mwake, wala haketi pamoja na mke wa mwanawe. Pasta amehubiri mara tatu kwamba mambo hayo yamepitwa na wakati. Baba yake pasta, akija kumtembelea, hulala kwa jirani.

Mzee alifiwa na mkewe, Gesare, miaka miwili iliyopita. Gesare alikuwa mwimbaji wa kwaya, na mwaka wa elfu moja mia tisa themanini na saba mtu mmoja alitoka Kisii mjini akarekodi kwaya hiyo kwa maikrofoni mbili. Moja aliiweka kushoto, mbele ya wanaume, na nyingine kulia, mbele ya wanawake. Gesare alisimama mwisho kabisa upande wa kulia, karibu aimeze maikrofoni. Kwa hiyo katika ile kaseti, ambayo Geoffrey aliihamisha baadaye kwenye flashi, wanaume wako kushoto, na kulia Gesare amewafunika wanawake wenzake. Ukizima spika ya kulia, umemzima Gesare.

Kila Ijumaa jua likizama, familia ya Geoffrey hufungua Sabato kwa nyimbo zile. Na kila Ijumaa Mzee Ombati hubeba kigoda chake, akavuka ua, akaketi nje ya dirisha la sebule kumsikiliza mkewe.

Utauliza, si aketi barazani? Geoffrey alimwuliza hivyohivyo.

"Baraza imefunikwa na nini?" Mzee akajibu.

"Na mabati, Tata."

"Mabati ya nani?"

"Yangu."

"Basi hiyo ni nyumba yako."

Akaweka kigoda hatua moja nje ya mstari ambapo maji ya paa hudondokea, akatulia. Geoffrey, mtu wa vipimo, alikubali kwamba hoja ilikuwa sawa kihesabu. Wiki iliyofuata akajenga kibanda kidogo uani, nguzo nne na paa. Mzee akakizunguka mara mbili kama mtu anayekagua ng'ombe mgonjwa.

"Nani amekijenga?"

"Mimi, Tata."

"Basi hiyo ni nyumba yako ya pili. Hongera." Akaketi nje yake.

Kwetu mvua hainyeshi kwa ratiba ya wageni. Inakuja karibu kila alasiri, na ikichelewa huja jioni kwa hasira. Mzee alikuwa akinyeshewa akiwa na mwavuli uliopoteza vijiti viwili, na mwezi wa nne akapata homa ya mapafu. Alilazwa wiki mbili akiwa na mpira wa hewa puani. Alipotoka, daktari alimvuta Geoffrey kando, akamwambia polepole, "Huyu mzee asinyeshewe tena. Mapafu yake hayatabeba mara ya pili."

Ijumaa ya kwanza baada ya kutoka hospitali, Geoffrey alichungulia dirishani akaona kigoda. Juu ya kigoda alikuwa baba yake, amevaa makoti mawili, anakohoa. Mawingu yalikuwa yanashuka kutoka kilima cha Manga.

"Tata, daktari alisema nini?"

"Alisema nisinyeshewe. Hainyeshi."

"Itanyesha."

"Ikinyesha nitajua."

Walijaribu kila kitu. Maureen, binti wa Geoffrey aliyeko Nakuru, alituma kispika kidogo cha kuchaji. Mzee alikisikiliza dakika moja. "Huyu anaimba kama mtu aliyefungiwa ndani ya debe," akasema, na tangu siku hiyo kispika kinazuia mlango wa jikoni usipigwe na upepo. Walifikiria kuhamisha mtambo wote ukae kwa Mzee, familia iende kwake. Hapo Mzee alishtuka kweli. Mke wa mwanawe aje akae mbele yake, mguu kwa mguu, waimbe pamoja kama wanakwaya? Lorna mwenyewe aliposikia wazo hilo aliingia jikoni na hakutoka mpaka lilipozikwa.

Ndipo Geoffrey akamwendea Alfayo.

Alfayo hukodisha mitambo ya sauti kwa ajili ya matanga. Ukifiwa Nyamira, utamjua. Spika zake zimepangwa kama magunia ya mahindi, na akiwasha, marehemu peke yake ndiye hashtuki. Katika maisha yake Alfayo hajawahi kukutana na shida ambayo haikuhitaji kuongezwa sauti.

"Mzee anakaa umbali gani?" Alfayo akauliza.

"Hatua arobaini."

"Arobaini tu? Hiyo ni kazi ya kubriji."

"Kubriji ndiyo nini?"

Alfayo akachora kwenye pakiti ya majani chai. Amplifaya ya stereo, alieleza, ina pande mbili, kila upande unasukuma spika yake. Ukibriji unaunganisha pande zote mbili zisukume spika moja. Nguvu inapanda. Kwa hiyo Karani atafute amplifaya ya pili inayofanana na ya kwanza, moja iwe ya spika ya kushoto, nyingine ya kulia, abriji zote mbili, ageuze spika zielekee dirishani, na Mzee atasikia akiwa kwake kando ya moto.

"Hata akitaka kutosikia, atasikia," Alfayo akasema kwa fahari.

Geoffrey alitafuta wiki tatu. Hatimaye akapata amplifaya pacha huko Nyaramba, katika baa iliyofungwa na sasa ni kanisa la uamsho. Kanisa jipya lilikuwa linauza vyombo vya dhambi. Amplifaya ile ilikuwa na alama ya mduara juu yake, mahali watu walipokuwa wakiweka chupa, na ndani yake, kwa miaka kumi na moja, zilikuwa zimepita nyimbo ambazo shemasi hawezi hata kuzitaja vichwa. Lorna aliifuta kwa kitambaa chenye dawa ya kuua viini. Kisha akaifuta tena.

Jumatano alasiri Geoffrey alifunga kazi mapema. Nyuma ya kila amplifaya kulikuwa na swichi ndogo ya kubriji, akaisukuma. Chini ya swichi kulikuwa na maandishi madogo mekundu, ambayo hakuyasoma. Mtu anayesomea watu namba ya mizani kila siku, akidai waiamini, hakusoma maandishi ya kifaa chake. Mimi sisemi kitu. Akafunga waya kama pakiti ya Alfayo ilivyosema, ile ya nyumbani kushoto, ile ya Nyaramba kulia. Akageuza spika zitazame dirisha, akafungua madirisha, akabonyeza.

Kwaya ikatoka kama lori lililokatika breki. Kuku walikimbilia migombani. Mbwa wa jirani alibweka mara moja, akafikiria vizuri, akanyamaza. Picha ya harusi ikainama upande wa bibi harusi. Lorna alitoka jikoni ameziba masikio, akisema kitu ambacho mumewe hakukisikia, na pengine ni heri.

Mlangoni pa nyumba yake, hatua arobaini mbali, Mzee Ombati alitokea. Alisimama wima. Hakuwa na kigoda wala koti. Alikuwa akisikia akiwa kwake, na Geoffrey alitaka kulia kwa furaha.

Ilichukua dakika nne. Kisha harufu ikaja, kama ya kiatu kilichosahaulika karibu na jiko. Amplifaya ya Nyaramba ikatoa sauti ndogo ya tak, taa yake ikazimika, na spika ya kulia ikakata. Kwaya iliendelea kunguruma upande wa kushoto, wanaume wote wakiwa na afya njema.

Mzee alivuka ua polepole, akafika mpaka kwenye mstari wake.

"Geoffrey."

"Naam, Tata."

"Mama yako ameenda wapi?"

Geoffrey akazima kila kitu. Alitazama amplifaya iliyokufa, akatazama ile nyingine, ambayo nayo ilikuwa ya moto hata mkono haukai.

"Keshokutwa ni Ijumaa," Mzee akasema. "Nitakuja na kigoda changu. Sauti ile ndogo ilikuwa inanitosha." Akaondoka akikohoa.

Alhamisi Geoffrey alifika Kisii mjini na amplifaya zote mbili ndani ya gunia la majani chai. Katika kichochoro cha nyuma ya msikiti kuna kibanda cha mafundi wa redio, kilichokuwa cha mzee Sabir. Sabir alipofariki, binti yake Janat alichukua koleo, chuma cha kuchomelea na wateja. Ana miaka thelathini na minne, huvaa buibui na miwani ya kukuzia, na kila siku, bila kukosa, mtu huja akamtazama usoni kisha akauliza fundi yuko wapi.

"Fundi yuko?" Geoffrey akauliza.

"Ametoka kidogo," Janat akajibu bila kuinua kichwa. "Amerudi. Ni mimi. Leta mgonjwa."

Geoffrey aliomba radhi mara tatu. Janat alifungua skrubu, akainua kifuniko cha ile ya Nyaramba, akavuta pumzi.

"Hii imekaa baa."

"Umejuaje?"

Akatoa kwa kibano mende mkavu na kizibo cha bia, akavipanga mezani mbele ya shemasi. Kisha akachukua kipimo, akazipima zote mbili, akagusa hapa, akagusa pale. Geoffrey alisimama kama mama aliyeleta mtoto kwa daktari. Kesho ilikuwa Ijumaa, redio ilikuwa imesema mvua kubwa magharibi mwa nchi, na alijua vizuri baba yake angeketi wapi.

"Haijafa," Janat akasema.

"Nini?"

"Fyuzi imekatika. Imejizima kabla haijaungua. Ile nyingine pia ni nzima, imepata homa tu. Una bahati kuliko akili, Karani, usinikasirikie."

Geoffrey akaketi juu ya gunia lake.

"Nani alikwambia ubriji?"

"Alfayo. Wa matanga."

"Alfayo ana uwanja mzima wa waombolezaji na spika zinazostahimili. Wewe una nini? Sebule." Aligeuza amplifaya, akaweka kidole chini ya ile swichi. "Soma hapa."

Geoffrey alisoma yale maandishi mekundu. Yalisema ukibriji, spika isiwe chini ya omu nane.

"Spika zako ni omu ngapi?"

"Nne."

"Omu zikipungua, mzigo wa amplifaya unazidi. Kila upande wake ulikuwa unaona kama umebebeshwa spika ya omu mbili. Ni kama umwambie mtu abebe gunia, halafu umpakie mawili kisha umhimize apande mlima. Atapanda, lakini hafiki. Na hiyo ni shida ya kwanza tu. Uliongeza nguvu ili ufanye nini?"

Geoffrey akamwambia. Alianza na Mzee, akaja kwa Gesare, mstari wa maji, mapafu, kibanda kilichokuwa nyumba ya pili. Janat aliweka koleo chini. Alikuwa amezaliwa Kisii, alijua chinsoni. Rafiki yake wa shule ana baba mkwe ambaye huongea naye kupitia ukuta wa choo.

"Sikiliza," akasema. "Hapo sebuleni, ukisikiliza kwa raha, amplifaya inatumia nguvu kidogo sana, hata taa ya choo inakula zaidi. Nyingine yote imekaa bure. Ukizidisha nguvu mara mbili, sikio linasema tu, aa, imepanda kidogo. Na sauti ikitoka nje inapungua kila hatua. Halafu mvua ipige mabati ya Mzee. Umewahi kushindana na mvua juu ya mabati?"

"Hapana."

"Hata Alfayo hawezi. Utavunja vioo vyako na Mzee hatasikia neno, au atasikia kelele, na mama yako hatamtambua humo ndani. Wewe huna shida ya nguvu, Karani. Una amplifaya mbili na nyumba mbili. Kwa nini umezifunga pamoja kama ng'ombe wa kulima?"

Geoffrey alizihesabu kwa macho, moja, mbili.

"Mzee ana spika zozote?" Janat akauliza.

"Zipo za redio yake ya zamani. Za mbao. Ziko chini ya vitambaa vya mama."

"Basi rudisha hizo swichi mahali pake. Moja ibaki kwako, stereo, na spika zako. Hii ya baa iende kwa Mzee, stereo, na spika zake. Kati ya nyumba tunapitisha waya mwembamba, wa kubeba wimbo tu, sio nguvu. Wewe ukicheza huku, kule inaimba wakati huohuo, na yeye ana kitufe chake cha sauti. Hakuna mtu ameingia nyumba ya mtu."

Ilikuwa rahisi mpaka ikamuudhi. Wiki tatu za kutafuta amplifaya pacha ili aziunganishe, na dawa ilikuwa kuzitenganisha.

"Utakuja lini?" akauliza.

"Kesho, baada ya swala ya Ijumaa."

"Sabato yetu inaingia jua likizama. Baada ya hapo siwezi kushika hata bisibisi."

"Nami kabla ya swala siondoki. Kwa hiyo tuna saa tatu. Chimba mtaro asubuhi."

Geoffrey alichimba. Ijumaa saa nne, shemasi na karani mzima alikuwa na jembe, akikata mtaro kutoka dirisha lake mpaka ukuta wa baba yake, akilaza ndani yake mpira wa maji ili waya upite humo. Mzee alisimama juu ya mtaro, mikono nyuma.

"Unazika nani?"

"Waya, Tata. Wa muziki. Unakuja kwako."

"Amplifaya ni ya nani?"

Geoffrey alikuwa amejiandaa kwa swali hilo tangu Kisii. "Ni yako. Nimekupa. Ikishaingia kwako siijui."

Mzee akafikiri. "Imetoka wapi?"

"Nyaramba," Geoffrey akasema, na akaendelea kuchimba haraka.

Janat alifika saa tisa na nusu akiwa na begi la vifaa. Mzee alimpokea mlangoni.

"Wewe ni wa nani?"

"Wa Sabir, fundi wa redio, Kisii."

"Sabir! Aliwahi kunitengenezea redio mwaka wa njaa. Yuko wapi?"

"Alitangulia, babu."

"Pole. Alikuwa mwizi kidogo."

"Mama alisema vilevile," Janat akasema, na baada ya hapo Mzee akamruhusu ashike chochote, hata vitambaa vya Gesare, ambavyo Lorna mwenyewe hajawahi kuvigusa. Janat alivikunja kimoja kimoja juu ya meza, kisha akafungua zile spika za mbao na kuzifunga upya.

Saa kumi na moja waliwasha. Kwaya ilikuja, na chini ya kwaya ukaja mngurumo, mzito, usiokatika.

"Nyuki," Mzee akasema.

Janat akapiga magoti, akagusa waya huu, akauachia, akagusa ule. Nyuki walibaki. Nje, mawingu yalikuwa yamekaa juu ya kilima yakisubiri kama jamaa wa mchumba. Kigoda kilikuwa karibu na mlango, na Geoffrey aliona jicho la baba yake likikitafuta.

"Nyumba mbili, umeme wa nyumba mbili, waya mmoja," Janat akanong'ona. "Zinagombana ardhini." Akamwaga begi lote sakafuni. Chini kabisa kulikuwa na vitransfoma viwili vidogo kama visanduku vya kiberiti, alivyovitoa kwenye mtambo wa kanisa fulani uliopigwa na radi. Akavichomelea hapo sakafuni, kimoja cha kushoto, kimoja cha kulia. Wimbo ungepita ndani yake, umeme wa nyumba hizo mbili usigusane.

"Baba Maureen!" Lorna akaita kutoka ng'ambo ya ua. "Jua!"

"Dakika mbili!"

"Jua halina dakika mbili!"

Jua lilikuwa limebaki kipande kama cha ukucha. Janat akafuta jasho kwa mgongo wa mkono, akaunganisha waya wa mwisho. "Nenda ukawashe."

Geoffrey alikimbia. Alikuwa na miaka hamsini na mbili na hakuwa amekimbia tangu polisi walipovamia mkutano wa wakulima. Akavuka ua, akaingia sebuleni kwa viatu vya matope, kosa ambalo Lorna atalikumbuka mpaka kaburini, akabonyeza. Sebuleni nyimbo zikaanza kwa sauti ya kawaida, ya watu wanaopendana. Lakini kule?

Alitoka akasimama kwenye baraza. Janat alikuwa ametokea mlangoni pa Mzee. Alionyesha mikono yake miwili mitupu. Nyuki wameondoka.

"Radi ikianza, chomoeni pande zote mbili," akamwambia Geoffrey alipompita njiani na begi lake. "Na ile swichi ya kubriji nimeimwagia gundi. Nakujua sasa."

Alipanda pikipiki dakika chache kabla ya mvua. Haikuwa na radi. Ilikuja nzito, ya kujaza mitungi, ikapiga mabati mpaka Lorna na mumewe wakashindwa kusikiana. Geoffrey alienda dirishani. Mahali pa kigoda palikuwa na matope tu, na matone yakichimba mashimo madogo.

Bado hakuamini. Alijifunika gunia, akavuka ua, akabisha.

Mzee alikuwa ameketi kando ya moto bila koti. Alikuwa amesogeza spika ya kulia mpaka karibu na goti lake, na kitufe cha sauti alikuwa amekipandisha mpaka ikaishinda mvua. Gesare alikuwa anaimba. Alikuwa ameingia kabla ya wenzake, kama sauti moja tu chumbani, halafu kwaya ikamfikia.

"Kila mara," Mzee akamwambia spika. "Miaka thelathini na kitu nakwambia ungoje wenzako."

Geoffrey alisimama mlangoni akidondosha maji. Alisikiliza kifua cha baba yake, jinsi alivyozoea kukisikiliza tangu mwezi wa nne. Kulikuwa na mvua, kulikuwa na mama yake. Kikohozi hakikuja.

"Unataka nini?" Mzee akauliza.

"Nimekuja kuona kama unasikia, Tata."

"Nasikia. Wewe ndiye unanizibia. Rudi kwako, mke wako yuko peke yake."

Geoffrey akarudi, hakukimbia. Lorna alikuwa amesimama barazani na taulo.

"Amesemaje?"

"Amenifukuza."

"Asifiwe Bwana," Lorna akasema, akampa taulo, akaenda kufuta matope ya viatu sebuleni kabla mtu hajamkumbusha kwamba Sabato imeingia.